Qi Jiguang: jemedari wa Ming, mtu wa mkuki na mkufunzi wa kuruti

Kwata255

Wakuu salaam. Nyuzi za kung-fu humu huanzia hekalu la Shaolin zikaishia kwenye filamu. Naleta mtu ambaye hakuruka juu ya paa hata siku moja: Qi Jiguang, ofisa wa jeshi la dola ya Ming huko China, aliyezaliwa Novemba 1528 na kufariki Januari 1588. Alikuwa hodari wa mkuki na upinde, na kitabu chake cha mafunzo, Jixiao Xinshu cha mwaka 1560, bado kinapekuliwa na walimu wa taichi. Ila ukinibana niseme ukubwa wake ulikuwa wapi, nitasema kwenye kuruti. Alijua kumchukua mwanakijiji asiyejua kitu na kumfanya asimame mbele ya upanga bila kukimbia.

Asili yake kwa ufupi. Ukoo wao ulikuwa na cheo cha kurithi huko Dengzhou, pwani ya Shandong (leo Penglai). Alikirithi kwa baba yake, Qi Jingtong, mwaka 1544 akiwa bado kijana mdogo kabisa. Mwaka 1549 alifaulu mtihani wa kijeshi wa jimbo. Mwaka 1550 akaenda Beijing kwa mtihani wa ngazi ya juu, na wakati huohuo Wamongolia wa Altan Khan wakatokea hadi nje ya kuta za mji. Watahiniwa wakapewa malango walinde. Mtihani gani tena.

Mwaka 1555 akahamishiwa Zhejiang, ambako pwani ilikuwa inachomwa moto na maharamia walioitwa wokou. Mwaka uliofuata, pale Longshan, askari wake walikuwa wengi kuliko maharamia lakini wakaanza kumeguka na kukimbia. Qi akapanda mahali pa juu, akawalenga viongozi wa maharamia kwa mishale, wakarudi nyuma. Shabaha yake iliokoa siku ile, lakini askari walibaki walewale wa kukimbia. Mwaka 1558 akakwama kwenye mzingiro wa Cengang, visiwa vya Zhoushan, hadi akavuliwa cheo kwa muda. Hapo akaanza kuangalia malighafi: huyu askari anatoka wapi?

Jibu alilipata Yiwu, bara ya Zhejiang. Mwaka 1558 wenyeji wa huko walipigana na watu wa nje waliovamia machimbo yao, wakapigana kwa ukaidi ambao jeshi la serikali halikuwa nao. Qi akaomba kibali, na mwaka 1559 akaandikisha huko watu takriban 3,000, wakulima na wachimba madini.

Vigezo vyake ameviandika wazi. Cha kwanza: usichukue mjanja wa mjini, mwenye uso laini, macho yasiyotulia na mwili mwepesi mwepesi. Chukua mtu wa shamba, aliyeungua jua, mwili wa kazi, viganja vigumu. Nguvu pekee hazitoshi, wala wepesi pekee. Mwenye akili bila moyo ndiye hatari zaidi, maana vita vikikaza huyo ndiye wa kwanza kuiona njia ya kutorokea, na hatoroki peke yake.

Nitaendelea na mpangilio wake wa vita. Wenye nyongeza karibuni.

Dada Historia

Mleta mada, kabla hujaendelea, hao wokou tuwaweke sawa. Rekodi za Wachina huwaita majambazi wa Kijapani, lakini katika miaka hiyo ya 1550 wengi wao walikuwa Wachina wa Zhejiang na Fujian, na Wajapani walikuwa sehemu tu. Kinara wao mkubwa, Wang Zhi, alikuwa Mchina wa Huizhou aliyeweka makao Hirado, Japani. Chanzo ni amri ya kufunga biashara ya bahari. Mfanyabiashara akikatazwa kuuza kwa halali, anauza kwa magendo. Akikamatiwa mzigo, anachukua silaha. Hii ni dola ileile ambayo misafara ya Zheng He ilifika Malindi na Mogadishu kabla ya kusitishwa mwaka 1433. Baadaye ikajifungia hadi mvuvi akawa mtuhumiwa. Mwaka 1567 ilipofungua biashara kupitia Yuegang, Fujian, uharamia ukapungua sana. Kwa hiyo tusimpe Qi sifa zote. Alivunja makundi, lakini kilichokausha kisima ni biashara kufunguliwa.

Chuma Chakavu

Dada Historia umegonga penyewe. Lakini tukubaliane kwamba Wajapani wachache waliokuwemo ndio waliokuwa tatizo la kiufundi. Panga zao za mikono miwili zilikuwa ndefu, chuma kizuri, na mtumiaji wake anaruka hatua ndefu akikata. Askari wa Ming mwenye mkuki mwembamba, mpini wake unakatwa vipande viwili na yeye anabaki na kijiti. Mpangilio wa Qi ulibuniwa kutatua tatizo hilo hasa.

Kwata255

Ndipo nilipokuwa nakwenda. Mpangilio unaitwa yuanyang, jina la bata wanaotembea wawili wawili. Ni kikosi cha watu 12:

Kiongozi 1, mbele, na bendera. Nyuma yake wabeba ngao 2: mmoja ngao ndefu ya mbao, mwingine ngao ya duara ya henzirani, huyu ana mikuki midogo ya kurusha na upanga mfupi kiunoni. Nyuma yao watu 2 wa langxian, yaani mwanzi mzima na matawi yake. Halafu wapiga mikuki mirefu 4. Halafu watu 2 wa tangpa, mkuki mfupi wa ncha tatu. Mwisho mpishi 1, ambaye hubeba sufuria na mizigo.

Kazi yake hivi. Ngao inasimama na kupokea. Mwanzi unatanda mbele ya ngao ili adui asiingie. Kila jozi ya mikuki inalinda upande mmoja, ngao moja na mwanzi mmoja. Adui anaposhughulika na matawi, mkuki unatoka katikati na kumchoma. Akipenya akafika ndani ya mikuki, watu wa tangpa wanamalizana naye. Kanuni nzima ni kwamba kirefu kinalinda kifupi, na kifupi kinaokoa kirefu.

Njia ikiwa nyembamba, kama kwenye matuta ya mashamba ya mpunga, wanakwenda msururu. Ikipanuka, kikosi kinapasuka katikati na kuwa safu mbili, kila moja ina ngao, mwanzi, mikuki miwili na tangpa moja. Ikipanuka zaidi, kinakuwa makundi matatu. Zhejiang na Fujian ni nchi ya mabonde, mifereji na vijia. Safu ndefu ya maelfu haipati pa kukaa, kikosi cha watu 12 kinapata.

nahodha_kimya

Mkuu, huo mwanzi na matawi yake unaniumiza kichwa. Mtu anakwenda vitani na mti?

Fundi Mkuki

Ngoja nijibu hili. Langxian ni mwanzi mnene, mrefu kiasi cha zhang 1 na chi 5, yaani kama mita 4.8 kwa vipimo vya Ming. Uzito ni jin 7, kama kilo 4. Juu una ncha ya chuma. Matawi yanaachwa pembeni ngazi 9 hadi 11, mengine yamenyooka, mengine yamepindwa kama kulabu. Yanapitishwa motoni yakakamae, kisha yanapakwa mafuta ya mbegu za mti wa tung yasivunjike kwa ukavu.

Faida ya kwanza ni ya kimwili. Upanga ukikata tawi moja, yapo mengine. Tawi bichi linanesa, halikatiki kwa pigo moja, na upanga ukinasa humo sekunde moja tu, mkuki umeshafika. Faida ya pili Qi mwenyewe aliiona kubwa zaidi. Askari akikutana uso kwa uso na adui, rangi inamtoka, mikono inasahau yote iliyofunzwa. Lakini mtu aliyejificha nyuma ya kichaka cha matawi anajiona amefunikwa mwili mzima, na mtu anayejiona amefunikwa husimama. Kwa hiyo hii ni silaha ya kumtuliza mshikaji wako kabla ya kumdhuru adui.

Kasoro zake. Moja, haiui. Ni nzito kuzungusha, na mtu akiachwa nayo peke yake amekwisha, adui anainama chini ya matawi na kumkata miguu. Ndiyo maana ngao lazima iwe mbele yake na mikuki nyuma. Mbili, inahitaji jitu. Qi alielekeza apewe mtu mwenye umbo kubwa na nguvu, siyo mjanja wa mkono. Tatu, ukitumia mwanzi uliokatwa zamani ukakauka, matawi yanadondoka kwa pigo la kwanza.

Mgawanyo wa silaha kwa jumla ulifuata mwili wa mtu. Ngao ya henzirani alipewa kijana mwepesi mwenye viungo laini, maana huyu anachuchumaa, anabiringika na kuinuka. Mkuki mrefu alipewa mtu mzima mwenye nguvu za mifupa. Tangpa alipewa mwenye moyo wa kuua, kwa sababu anayemfikia huyu ni adui aliyeshapita ngao, mwanzi na mikuki. Upishi alipewa mpole asiyeona tabu kuwa chini ya wenzake. Ukichanganya hapo, kwa mfano ngao ukampa mzee mzito, kikosi kizima kinakwama, maana hakuna anayeweza kusonga kabla ya ngao.

mwanzi_mkavu

Na mwenye ngao ya henzirani akishatupa mkuki wake mdogo, anabaki na nini?

Fundi Mkuki

Upanga wa kiunoni. Utaratibu ni kwamba anaushika mkuki mdogo wa kurusha mkono wa kulia, upanga ameulaza juu ya mkono wenye ngao. Anarusha. Ukimpata adui au usimpate, adui lazima aukwepe au aupangue, na katika mwanya huo jamaa anachomoa upanga na kuingia. Kosa la kawaida ni kurusha mapema, adui akiwa mbali, akakwepa kwa raha zake. Kosa lingine ni kurusha na kusimama kutazama.

Kitasa

Naomba tofauti kidogo. Hizi zote ni mbinu za jeshi. Kung-fu iko wapi? Mada imeanza kwa kung-fu, mimi naona afisa utumishi.

Kwata255

Swali zuri. Sura ya 14 ya Jixiao Xinshu, toleo la sura 18, ni ya ngumi tupu: mikao 32 yenye michoro na maneno mafupi kwa kila mmoja. Aliikusanya kutoka mitindo iliyokuwa maarufu wakati wake: ngumi ndefu 32 zilizohusishwa na mfalme Taizu wa Song, ngumi ya nyani, ukoo wa Wen wenye mikao 72, makato mafupi ya Mian Zhang, mikamato ya Wang wa Kucha za Tai na mingineyo. Lawama yake ni kwamba kila mwalimu ana kipande: huyu ana juu hana chini, yule ana chini hana juu. Akachambua kilicho bora, akaunganisha kiwe mfululizo mmoja.

Lakini sura hiyo inaanza kwa kukiri kwamba ngumi zinaonekana hazina kazi katika vita vikubwa. Faida yake ni kuchangamsha mikono na miguu, na ni mlango wa kuingilia kwa anayeanza. Mtu ambaye kiuno hakizunguki na miguu haijui kubadilishana uzito, ukimpa mkuki ataushika kama mpini wa jembe. Kwa Qi, ngumi ni mazoezi ya kumwandaa mtu kwa fimbo, fimbo kwa mkuki, mkuki kwa kikosi.

Dada Historia

Na hapo ndipo taichi inapoingia. Mkao wake wa kwanza ni wa kufunga joho kivivu. Humohumo upo wa jogoo wa dhahabu kusimama mguu mmoja, wa kumpima farasi, wa mjeledi mmoja, wa nyota saba. Anayefanya mtindo wa Chen atayatambua majina yote hayo. Mtafiti Tang Hao, karne ya 20, alilinganisha na kukuta mikao 29 kati ya 32 imo kwenye mafunzo ya ukoo wa Chen wa Chenjiagou, Henan. Chen Wangting, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo huo katika karne ya 17, naye alikuwa mwanajeshi. Kitabu cha Qi kilikuwa kimeshasambaa kwa maofisa, kwa hiyo njia inaeleweka. Watu wanaotafuta mzizi wa taichi kwa watawa wa milimani wanaruka kambi ya jeshi iliyo mbele ya macho yao.

Kitasa

Sawa, hapo nimewaelewa. Lakini yeye mwenyewe alijua kupigana, au alikusanya tu ya wengine?

Fundi Mkuki

Alijua, na alijua pia kukaa chini akafundishwa. Kuna habari ameiandika mwenyewe. Tang Shunzhi, msomi na gavana aliyefariki 1560, alimfundisha mkuki akiwa ameushika kwa mikono yake, kwenye jengo la kando ya mto pale Xixing. Qi akamuuliza: wengine ninaowaona, mkuki wao unapopangua huchora duara la chi 5, wewe mbona lako ni chi 1 tu?

Tang akamjibu kwa hesabu. Mtu akisimama ubavu, upana wake ni cun 7 au 8 tu, yaani kama sentimita 25. Ukiusukuma mkuki wa adui nje kwa chi 1, kama sentimita 32, tayari hauufikii mwili wako. Kuusukuma mbali zaidi hakukuongezei usalama, kunakumalizia nguvu. Qi akauliza, duara moja kama hilo linachukua muda gani kulijua? Akaambiwa: miaka kumi ya kazi.

Anayeshika fimbo ajaribu hili. Simama ubavu, mkono wa nyuma kwenye nyonga, wa mbele ukiwa mrija tu ambamo mpini unapita. Duara linatoka kwenye kiuno na mkono wa nyuma. Likitoka kwenye mabega, litakuwa kubwa tu, na ncha itachelewa kurudi katikati. Mkuki wa Qi ulipita zhang 1 na chi 7, zaidi ya mita 5. Kwa urefu huo, sentimita moja ya kosa kwenye kiganja ni kubwa sana kwenye ncha.

Na mkuki mrefu ukikosa, adui akauruka na kuingia ndani ya ncha, una tatizo. Dawa yake: vuta mpini nyuma kupitia mkono wa mbele, uushike katikati, kirefu kiwe kifupi. Anayebaki ameshika kitako cha mpini huku adui yuko hatua mbili kutoka kwake, huyo hata awe bingwa ameshaondoka.

mwanzi_mkavu

Walipimaje kuruti kama ameiva? Maana kila mtu anaweza kuzungusha mkuki uwanjani ukapendeza.

Kwata255

Kuzungusha kukapendeza ndiko alikokuchukia. Aliandika kwamba mtu anajifunza silaha ili aokoe maisha yake mwenyewe, siyo kumridhisha mkubwa kwa kazi ya serikali. Ukimzidi adui unamuua. Akikuzidi yeye, anakuua wewe. Maruko ya kushoto na kulia, mizunguko ya mkuki kama maua, alifuta. Alisema vitani mikuki inakuja kwa kundi na inarudishiwa kwa kundi, watu wamebanana, hakuna nafasi hata ya kugeuza mkono. Jasiri haruhusiwi kutangulia peke yake, mwoga haruhusiwi kubaki nyuma.

Mtihani wa mkuki: ubao unasimamishwa, urefu chi 5, upana cun 8, ni ule upana wa mtu aliyesimama ubavu. Una matundu matano: jicho, koo, moyo, kiuno na mguu. Kila tundu lina kigololi cha mti cha cun 1, kama sentimita 3. Kuruti anasimama hatua 20. Ngoma inapigwa, anakimbia na mkuki, anachoma, na kigololi lazima kitoke kimening'inia kwenye ncha. Kupata ubao tu hakuhesabiki. Fanya hivyo kwa matundu yote matano. Aliyezoea kuchoma akiwa amesimama anagundua kwamba mbio zinatikisa ncha juu na chini, na hapo ndipo kiuno kinapopimwa.

Mazoezi ya mwili yalikuwa ya kawaida kabisa, ila bila huruma. Silaha ya mazoezi iwe nzito kuliko ya vita, ili ya vita iwe nyepesi mkononi. Miguuni funga vifuko vya mchanga, ongeza kidogo kidogo, siku ya vita vitoe. Mwilini vaa mzigo mzito. Kimbia li moja, zaidi kidogo ya nusu kilomita, bila kuhema.

nahodha_kimya

Nilisikia alimchinja mwanawe kwa kugeuza shingo vitani. Kuna ukweli?

Dada Historia

Hiyo husimuliwa sana Zhejiang na Fujian, na mahekalu ya kumkumbuka huyo kijana yapo. Lakini hesabu haikubali. Wana wake tunaowajua walianza kuzaliwa mwaka 1567, baada ya vita vya kusini. Wakati wa mapigano hayo hakuwa na mtoto wa kiume wa umri wa kushika silaha. Hao wana aliwapata kwa masuria, na kwa siri, kwa sababu mkewe, Bi Wang, alikuwa mkali kuliko maharamia. Wasimuliaji wanasema huyo mama aliwahi kulinda mji wa Xinhe kwa kuwavisha wanawake sare na kuwapanga juu ya kuta, mume akiwa mbali.

Kwata255

Kisa ni hadithi, lakini ukali wake wa kweli ulitosha. Kikosi kikirudi nyuma, kiongozi anakatwa kichwa. Kiongozi akisimama akauawa kwa sababu watu wake wamemkimbia, wao ndio wanaokatwa. Kwa upande wa pili, kichwa cha adui kilikuwa na zawadi ya liang 30 (kipimo cha uzito) za fedha, na iligawanywa kwa kikosi, mpishi naye hakuachwa mikono mitupu. Hilo linaondoa ugonjwa mkubwa wa majeshi ya wakati ule: askari mmoja anaua, watano wanaacha safu kugombea kichwa, adui anarudi na kuwakuta wameinama.

Na amri zilikuwa za ngoma, kengele ya shaba na bendera tu. Ngoma ikilia, hata mbele pawe maji au moto, songa. Kengele ikilia, hata mbele pawe mlima wa dhahabu, rudi. Bendera na ngoma zisipobadilika, hata jemedari mwenyewe aseme kwa mdomo, hata mungu ashuke aseme, usifuate. Ukifikiri vizuri, anajizuia yeye mwenyewe pia. Amri ya mdomo katikati ya makelele hugeuka kila inapopita mtu mmoja.

Chuma Chakavu

Nakazia na matokeo. Mwaka 1561, kampeni ya Taizhou: mapigano tisa, yote ameshinda, maadui zaidi ya 1,000 wameuawa au kukamatwa. Kabla hawajakaribiana, magobore yanapiga adui akiwa kwenye hatua kama 100, tabaka moja baada ya jingine, siyo yote kwa pamoja, kwa sababu gobore likishapiga ni fimbo mpaka lijazwe tena. Anayepiga kabla ya ishara anaadhibiwa.

Mwaka 1562 akavuka kwenda Fujian, Hengyu. Kisiwa kiko karibu na bara, bamvua likitoka panabaki tope. Kwa mashua huwezi, maji hayatoshi. Kwa miguu unazama. Akasubiri maji yakupwe, kila askari akabeba mzigo wa nyasi, wanatandaza mbele wanakanyaga wanasonga. Ukichelewa, maji yanajaa na huna pa kurudi, kwa hiyo lazima ushinde kabla ya maji. Historia rasmi ya Ming inataja vichwa 2,600.

Mwaka 1563 akapigana Pinghai, pamoja na jemedari mwenzake Yu Dayou. Watu wa Fuzhou wana mikate midogo yenye tundu katikati inayoitwa guangbing, nao husema ni chakula cha jeshi la Qi: unaipitisha kamba, unaivaa shingoni, huna haja ya kuwasha moto wa kumwonyesha adui ulipo.

mwanzi_mkavu

Huyo Yu Dayou ndiye wa fimbo?

Fundi Mkuki

Ndiye. Alizaliwa 1503, akafariki 1579, na kitabu chake cha fimbo Qi alikiingiza ndani ya cha kwake. Wapenzi wa Shaolin wakae vizuri hapa: Yu alipita hekaluni karibu mwaka 1560, akaangalia watawa wakicheza fimbo, akawaambia siri ya sanaa yao imeshapotea. Wakakubali, wakampa watawa wawili vijana, Zongqing na Pucong, akakaa nao jeshini kama miaka mitatu akiwafundisha, ndipo wakarudi kufundisha wenzao. Maana yake fimbo ya Shaolin ina deni kwenye kambi ya jeshi la kusini.

Kitasa

Kaskazini alifanya nini? Naona mnakwepa Ukuta Mkuu.

Chuma Chakavu

Hatukwepi. Mwaka 1568 alikabidhiwa Jizhou, mpaka unaolinda Beijing. Adui ni wapanda farasi, na langxian haina kazi kubwa kwenye uwanda. Akabadilisha kila kitu. Aliingiza magari ya vita: gari moja kubwa lina watu 20, nusu wanashughulika na gari na mizinga midogo, nusu wanatoka na silaha za mkono na kurudi nyuma ya gari. Magari yakiungana yanakuwa boma linalotembea. Watu wa magobore akawapa upanga mrefu wa mikono miwili wa mtindo wa Kijapani, jumla chi 6 na nusu, aliousoma kutoka kwenye maandiko ya Wajapani aliyoyapata vitani mwaka 1561. Silaha iliyomsumbua Longshan akaigeuza yake.

Kwenye ukuta akajenga minara yenye uwazi ndani, zaidi ya 1,000. Kabla yake walinzi walisimama juani na mvuani, chakula na baruti vikiwa mbali. Mnara wake ulilaza watu 30 hadi 50, wana akiba yao na matundu ya kufyatulia pande zote. Ukitembea Jinshanling au Simatai, sehemu kubwa unayopiga picha ni ya kipindi chake, na matofali mengine bado yana mhuri wa mwaka na kikosi kilichoyafyatua.

Askari wa kaskazini walikuwa wazembe. Akaita watu 3,000 kutoka Zhejiang. Siku waliyofika wakapangwa nje ya mji, mvua kubwa ikanyesha kuanzia asubuhi hadi jua kupinda, hakuna aliyesogeza mguu. Wenyeji wakashangaa sana. Kuanzia hapo wakaijua amri ni kitu gani.

nahodha_kimya

Mwisho wake?

Dada Historia

Siasa. Mlinzi wake serikalini alikuwa waziri mkuu Zhang Juzheng. Zhang alifariki 1582, wapinzani wakaanza kufukua kila aliyekuwa wake. Mwaka 1583 Qi akasukumwa Guangdong, mwaka 1585 akaondolewa kazini, akarudi Dengzhou. Mkewe akamwacha. Akafa akiwa na hali duni, mtu aliyekuwa amepitisha fedha za mpaka mzima mikononi mwake.

Katika miaka hiyo ya Guangdong alikiandika upya kitabu, toleo la sura 14, 1584. Sura ya ngumi aliitoa. Wanaomsifu kwa ngumi tu wasipite hapo haraka.

Fundi Mkuki

Ngumi ziliokolewa na waliomnakili. Japani ilipoivamia Korea, askari wa kusini wa China waliofunzwa kwa njia ya Qi walipigana Pyongyang mwanzoni mwa 1593, na Wakorea wakakitafuta kitabu chake kwa udi na uvumba. Mwaka 1598 wakatoa mwongozo wa silaha sita: fimbo, ngao ya henzirani, langxian, mkuki mrefu, tangpa na upanga wa mikono miwili. Ukitoa fimbo na upanga, ni kile kikosi cha watu 12 kilekile. Mwongozo wao mkubwa wa 1790 una sanaa 24, na ngumi za Qi zimo humo.

Kwa anayetaka kuona langxian ikichezwa leo, sanaa hizo 24 huonyeshwa kwenye ngome ya Hwaseong, mjini Suwon. Angalia mikono ya anayeishika: haizungushi juu ya kichwa, inakwenda juu na chini mbele ya mwili, hatua fupi, na kitako cha mwanzi hakitoki ubavuni.